PD-L1 asilimia 60, Ki-67 asilimia 40, CEA 14: mgonjwa wa saratani ya mapafu azisomeje namba hizi?

SWALI: Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 62. Alivuta sigara kwa muda mrefu, akaacha miaka kumi iliyopita. Kipimo cha CT kimeonyesha uvimbe wa sentimita 2.4 juu ya pafu la kulia, "wenye kingo za miiba, unaovuta utando wa pafu". PET imesema SUV 9.2, na kwamba kuna tezi moja kwenye mzizi wa pafu "inayong'aa kiasi". Damu imetoa CEA 14. Kinyama kilichopimwa kimeleta adenokasinoma, TTF-1 chanya, Ki-67 asilimia 40, PD-L1 asilimia 60. Majibu ya jeni bado hayajatoka. Kaka yangu anasema 40 na 60 ni 100, kwa hiyo pafu lote limeshaliwa. Baba anakula pia vidonge vya virutubisho alivyoletewa na ndugu. Ukizichukua namba zote hizi kwa pamoja, baba amebakiza muda gani?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na poleni sana. Nianze na kaka yako, maana hesabu yake itawanyima usingizi bure. Hizo asilimia mbili hazijumlishwi, na hakuna hata moja inayopima sehemu ya pafu iliyoharibika. Zote zimehesabiwa chini ya hadubini, kwenye kijipande cha nyama chenye unene wa milimita moja hivi. Ki-67 inauliza: kati ya seli za saratani zinazoonekana hapa, ngapi zimo kwenye mzunguko wa kugawanyika? PD-L1 inauliza: kati ya seli hizo hizo, ngapi zimevaa protini fulani kwenye ukuta wake wa nje? Seli moja inaweza kuhesabiwa pande zote mbili, na nyingine isihesabiwe popote. Mngeweza kupata PD-L1 ya 90 na Ki-67 ya 70, na pafu likabaki vilevile. Uvimbe wa mzee ni wa sentimita 2.4, huo ndio ukubwa wake.

Swali la muda nitalijibu, ila sitafuata mpangilio wa karatasi zenu. Karatasi za maabara huchapa kila namba kwa herufi za ukubwa mmoja, basi msomaji anadhani zote zina uzito mmoja. Nikikabidhiwa faili kama hili, jicho langu linapita juu ya Ki-67 na CEA bila kusimama, linakwenda moja kwa moja kwenye ile tezi.

Mwelekeo wa saratani ya mapafu unaamuliwa kwanza na hatua ya ugonjwa: ukubwa wa uvimbe, kama tezi za limfu zimeingiliwa, na kama ugonjwa umevuka kwenda viungo vya mbali. Takwimu zinazotumika zaidi zinatokana na wagonjwa wa nchi nyingi waliogunduliwa kati ya 1999 na 2010. Uvimbe mgumu wa kati ya sentimita 2 na 3, tezi zikiwa safi, huitwa hatua ya IA3, na katika kundi hilo watu 77 kati ya 100 walikuwa hai baada ya miaka 5. Tezi ya kwenye mzizi wa pafu ikiwa na saratani, uvimbe uleule ulihesabiwa kuwa IIB, na waliokuwa hai walikuwa 53. Zikiingiliwa tezi za katikati ya kifua, zile zinazozunguka koo la hewa, ilikuwa IIIA, na namba ikashuka hadi 36. Uvimbe ni mmoja, ukubwa ni uleule, tofauti ni tezi. Hakuna protini kwenye karatasi yenu yenye nguvu ya kuhamisha matarajio kwa kiasi hicho.

(Mkikutana na daktari anayeiita hali ya pili IIA badala ya IIB, hajakosea. Toleo la 9 la mfumo wa kupanga hatua, lililoanza kutumika 2025, limehamisha baadhi ya makundi. Jina limebadilika, ugonjwa ni uleule.)

Sasa, "inayong'aa kiasi" haina maana ya "ina saratani". PET haioni saratani, inaona sukari. Mgonjwa huchomwa sindano ya glukosi iliyofungwa kwenye fluorini-18, husubiri kama saa moja, kisha mashine huonyesha mahali seli zinapoinywa sukari hiyo kwa pupa. Seli za saratani huinywa. Lakini chembe za kinga zinazopigana na kifua kikuu huinywa pia, na za ugonjwa wa sakoidosi, na za mtu aliyekaa miaka kwenye vumbi la mawe, na za mtu aliyetoka kwenye nimonia wiki chache nyuma. Kwa hiyo tezi inayong'aa huchukuliwa sampuli kabla ya mtu yeyote kutamka hatua. Njia ya kawaida ni kupitisha mpira wa bronkoskopi wenye ultrasaundi kwenye ncha, kisha sindano nyembamba inatobolewa kupitia ukuta wa njia ya hewa mpaka ndani ya tezi. Wakati huohuo daktari huzipitia na tezi za katikati ya kifua, hata kama PET ilizinyamazia, kwa sababu tezi ndogo yenye chembe chache za saratani haing'ai. Kama kipimo hiki hakijafanyika, basi ndilo swali lenu la kwanza mkirudi kliniki, na majadiliano ya muda yangoje.

Nije kwenye picha zenyewe, maana hapo kuna mambo ambayo ripoti ya mistari mitatu huyameza.

Zile "kingo za miiba" hutokea pale uvimbe unapotengeneza makovu kuuzunguka na seli zake zinapotambaa kwenye kuta nyembamba na mishipa ya limfu inayogawa vijumba vya pafu. Ni alama ya kugundulia. Inamwambia mtaalamu wa radiolojia kwamba kitu hiki kinatia shaka, kitolewe kinyama. Kinyama kikishajibu adenokasinoma, yaani saratani ya seli zinazotengeneza ute, ile miiba imekwisha kufanya sehemu kubwa ya kazi yake. Ziko tafiti zinazoihusisha na kurudi kwa ugonjwa baada ya upasuaji, lakini sijawahi kubadili tiba ya mtu kwa sababu yake pekee.

Kuvutwa kwa utando wa pafu nakuchukulia kwa uzito zaidi, kwa sababu moja mahususi. Utando huo una tabaka la nyuzi za kunyumbuka. Uvimbe unaweza kuuvuta kwa kovu tu bila kuugusa, au ukawa umepenya tabaka hilo. CT haiwezi kutofautisha vizuri. Mtaalamu wa patholojia anaweza, baada ya upasuaji, kwa kupaka rangi maalumu inayoonyesha nyuzi zile. Akikuta zimevukwa, uvimbe wa sentimita 2.4 unahesabiwa kama mkubwa zaidi, na hata tezi zikiwa safi hatua inapanda kutoka IA3 hadi IB: kutoka 77 hadi 68 kwa takwimu zilezile. Hivyo mstari huo wa ripoti ya CT ni onyo la kufuatilia kwenye ripoti ya upasuaji. Msiufanye hukumu.

Jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote kwenye picha, na ambalo ripoti yenu haikulitaja, ni ugumu wa kivuli. Baadhi ya adenokasinoma huonekana kwenye CT kama ukungu hafifu ambao mishipa ya damu bado inaonekana kupita ndani yake. Hapo seli za saratani zinatambaa juu ya kuta za vijumba vya hewa bila kuzivunja. Sehemu inayoonekana nyeupe na nzito ndiyo mara nyingi imevamia. Tangu toleo la 8 la mfumo wa hatua, ukubwa unaohesabika kwa uvimbe wa mchanganyiko ni wa sehemu nzito peke yake, kwa hiyo uvimbe wa sentimita 2.4 wenye kiini kigumu cha milimita 8 hupangwa kama wa milimita 8. Wajapani walifuatilia watu wenye uvimbe usiozidi sentimita 2 ambao sehemu nzito haikuzidi robo, wakawakata kipande kidogo tu cha pafu. Baada ya miaka 5, asilimia 99.7 walikuwa hai bila ugonjwa kurudi. Sijui namba nyingine ya namna hiyo katika saratani ya mapafu. Kwa kuwa ripoti ya mzee haitaji ukungu, na SUV (kipimo cha PET cha jinsi uvimbe unavyokunywa sukari) ni 9.2, nauchukulia uvimbe wake kuwa mgumu wote. Lakini ombeni mtaalamu wa radiolojia aandike waziwazi. Ni sentensi moja tu, na ina thamani kuliko aya nzima ya maelezo ya miiba.

Kuhusu hiyo SUV ya 9.2: kwa ujumla, uvimbe unaokunywa sukari nyingi huwa na tabia mbaya kuliko unaokunywa kidogo. Ila namba yenyewe inayumba kwa sukari iliyomo kwenye damu siku hiyo, kwa dakika zilizopita tangu sindano, kwa aina ya mashine, na hata kwa pumzi, maana uvimbe unaotikisika na kupumua huonekana hafifu kuliko ulivyo. Hakuna mpaka mmoja wa SUV unaokubalika kila mahali kwamba juu yake ni hatari na chini yake ni salama. Mtu akiwaambia 9 ni mbaya mara mbili ya 4.5, msimsikilize.

Tuje kwenye damu. CEA ni protini iliyogunduliwa 1965 huko Montreal na Phil Gold na Samuel Freedman, kwenye saratani ya utumbo mpana na kwenye utumbo wa kijusi. Ndiyo maana watu wengi huijua kama kipimo cha utumbo. Adenokasinoma ya pafu nayo huitoa. Maabara nyingi huweka mpaka wa 5, na wavutaji sigara huzidi kidogo mpaka huo hata wakiwa wazima. Mzee aliacha zamani, kwa hiyo sigara haitoshi kueleza 14. Ugonjwa wa ini, kuvimba kwa utumbo kwa muda mrefu na magonjwa ya mapafu yasiyo saratani huweza kuipandisha pia, nami ningeuliza habari za ini kabla ya kuitilia CEA maana yoyote.

Tukishaondoa hayo, 14 inasema nini? Wagonjwa wa hatua za mwanzo wenye CEA ya juu kabla ya upasuaji, wakilinganishwa na wenye CEA ya kawaida wa hatua hiyohiyo, ugonjwa huwarudia zaidi. Hilo limeonekana mara nyingi, ingawa CEA haimo kwenye mfumo wa hatua. Mimi huitumia kwa njia mbili. Ya kwanza: ikiwa juu kuliko nilivyotazamia kwa uvimbe mdogo, natafuta kwa bidii zaidi mahali ambapo ugonjwa unaweza kuwa umejificha. Ubongo ndio wa kwanza, kwa kipimo cha MRI, kwa sababu ubongo wenyewe hunywa sukari nyingi kiasi kwamba PET inaweza kupitwa na punje ndogo iliyomo humo. Ya pili: inanipa namba ya kuanzia. Baada ya upasuaji CEA hushuka kwa wiki kadhaa, na mtu ambaye ya kwake imerudi chini ya mpaka ana matarajio mazuri kuliko ambaye imebaki juu. Kinachosomwa ni mwendo wa namba, na mwendo una maana ikiwa damu imepimwa kwenye maabara ileile kwa mashine ileile. CEA ya 14 kwa mashine moja na 10 kwa nyingine inaweza kuwa damu ya siku moja.

Mtakutana na majina mengine mitandaoni, nayataja haraka. CYFRA 21-1 ni kipande cha keratini ya 19, na hupanda zaidi kwenye saratani ya seli bapa. NSE na proGRP ni za saratani ya seli ndogo, ugonjwa tofauti kabisa na huu. Usimpeleke mzee kupimwa kifurushi kizima. NSE hupanda ikiwa chembe nyekundu zimepasuka kwenye chupa ya damu, proGRP hupanda figo zikichoka, na mwisho wa yote mtakuwa na hofu mpya tatu zisizo na kazi.

TTF-1 chanya ni habari ya ukoo: inaonyesha kwamba saratani hii imezaliwa kwenye pafu lenyewe na haikusafiri kutoka kwingine, kwa kuwa protini hiyo ni ya pafu na ya tezi ya shingo. Kwa faida ya ziada, adenokasinoma za pafu zenye TTF-1 huelekea kuwa na mwenendo mzuri kuliko zisizo nayo.

Ki-67 imepewa jina la mji wa Kiel, Ujerumani, ilikoelezwa 1983. Huonekana kwenye kiini cha seli iliyomo kwenye mzunguko wa kugawanyika, na hutoweka seli ikipumzika. Kwenye saratani ya seli ndogo mara nyingi hupita 70, na kinyama kikiwa kimepondekapondeka hutusaidia kuitofautisha na kasinoidi, uvimbe wa pafu unaokua polepole, ambayo ina namba ndogo sana. Kwenye adenokasinoma, 40 inasema uvimbe una haraka. Basi. Tafiti nyingi zinaihusisha Ki-67 ya juu na mwelekeo mbaya, lakini kila utafiti umechora mpaka wake, na kinyama kilichotoka upande mmoja wa uvimbe kinaweza kusoma 40 huku upande wa pili ukisoma 15. Kama upasuaji utafanyika, nitaiweka kando na kusoma umbo la uvimbe mzima. Tangu 2020 kuna utaratibu wa kimataifa: ikiwa asilimia 20 au zaidi ya uvimbe ina mipangilio mibaya, kama vile seli zilizojazana bila kutengeneza vijumba au vichipukizi vidogo visivyo na shina, basi huo ni wa daraja la 3, kali. Pia nitatafuta kama kuna seli zilizosambaa ndani ya nafasi za hewa nje ya ukingo wa uvimbe, au zilizoingia kwenye mishipa ya damu. Mambo haya matatu yananiambia mengi kuliko Ki-67, na hakuna hata moja linaloonekana vizuri kwenye kinyama cha sindano.

Sasa PD-L1, ambayo naona ndiyo iliyowatisha zaidi kwa sababu ndiyo namba kubwa. Hapa naomba usome polepole.

Viashiria vya saratani viko vya namna mbili, na madaktari wenyewe huvichanganya wakizungumza na wagonjwa. Kuna kinachotabiri ugonjwa utakwenda wapi, dawa yoyote ile itakayotumika. CEA na hatua ni vya namna hiyo. Kuna na kinachotabiri kama dawa fulani itafanya kazi. PD-L1 ni ya namna hii ya pili. Ni protini ambayo seli ya saratani huivaa ili askari wa kinga wa mwili, akifika na kuigusa, apokee amri ya kutulia. Yule askari ana kipokezi kinachoitwa PD-1, alichokieleza Tasuku Honjo na wenzake 1992, na 2018 Honjo akashiriki Tuzo ya Nobel na James Allison kwa kazi iliyozaa dawa zinazokata amri hiyo. Uvimbe wenye PD-L1 nyingi ndio uliotegemea zaidi ujanja huu, na ndio unaoumia zaidi ujanja ukivunjwa. Makundi yanayotumika ni chini ya 1, kati ya 1 na 49, na 50 kwenda juu. Mzee yumo kundi la juu. Kwa mtu anayehitaji tiba ya kinga, hilo ni jambo jema.

Nitoe mfano wa wagonjwa wa hatua ya nne, ambapo ushahidi ni mrefu zaidi. Waliochukuliwa ni wenye PD-L1 ya 50 au zaidi, wasio na mabadiliko ya jeni za EGFR na ALK. Walioanza na pembrolizumab, mojawapo ya dawa hizo za kinga, asilimia 31.9 walikuwa hai baada ya miaka 5. Walioanza na kemotherapia walikuwa asilimia 16.3, ingawa wengi wao walivushwa baadaye wakapewa dawa ya kinga. Mwenye PD-L1 ya sifuri hawezi kutarajia faida ya namna hiyo kutoka kwa dawa hiyo ikiwa peke yake. Sasa muulize kaka yako angependa mzee awe na 60 au 0.

Lakini mzee, kwa tunavyojua mpaka sasa, hayuko hatua ya nne. Tezi ikiwa safi, tiba kuu ni upasuaji, na PD-L1 inaweza kubaki kwenye faili bila kuguswa. Tezi ikiwa imeingiliwa, mara nyingi siku hizi madaktari hutoa kemotherapia pamoja na dawa ya kinga kabla ya kukata, na hapo PD-L1 ya 60 inaongeza matumaini kwamba uvimbe utasinyaa vizuri.

Kuna sharti moja, na hili lishikeni: majibu ya jeni yaje kwanza. Mabadiliko ya EGFR yalijulikana 2004 na muungano wa ALK 2007, na kila mojawapo lina vidonge vyake. Uvimbe wenye moja ya mabadiliko hayo huweza kuonyesha PD-L1 ya juu na bado dawa za kinga zikashindwa. Tena mtu akipewa dawa ya kinga kisha akageuziwa osimertinib, kidonge cha EGFR, hatari ya mapafu kuvimba vibaya huongezeka. Upande wa pili, faida ni kubwa: kwa waliopasuliwa wakiwa na EGFR ya aina za kawaida, hatua IB hadi IIIA, asilimia 88 ya waliopewa osimertinib walikuwa hai baada ya miaka 5, dhidi ya asilimia 78 ya wasiopewa. Kwa ALK kuna alectinib. Mabadiliko haya ni ya kawaida zaidi kwa wasiovuta sigara, lakini historia ya mzee haimtoi kwenye orodha. Kusubiri majibu siku chache hakumpotezei kitu ukilinganisha na kuanza tiba isiyo yake.

Niongeze protini moja ambayo hakuna aliyeitaja kwenye swali, labda kwa sababu haina jina la kutisha: albumini. Ni kipimo rahisi, kinapatikana karibu kila maabara, na ikiwa chini pamoja na kupungua uzito, huonya mapema kuliko Ki-67. Mtu mwenye albumini nzuri, anayejihudumia mwenyewe na kupanda ngazi bila kusimama, anastahimili upasuaji na dawa ambazo jirani yake mwenye hatua ileile hawezi. Hali ya mapafu yaliyobaki ni ya namna hiyo pia. Mvutaji wa zamani huwa na vijumba vilivyotanuka au makovu ya muda mrefu, nayo yanaonekana kwenye CT ileile. Makovu ya kuenea yanaongeza hatari ya upasuaji na ya dawa za kinga kuvimbisha mapafu. Ripoti nyingi huyaandika mstari wa mwisho. Usomeni.

Basi, muda gani? Ikiwa tezi ni safi na ubongo ni safi, mzee anatibiwa kwa lengo la kupona, na swali halihesabiwi kwa miezi. Nimewapa 77 kati ya 100. CEA ya 14 na utando unaovutwa vinanifanya nisimuweke upande wa juu wa kundi hilo. Ikiwa tezi ya mzizi imeingiliwa, anzieni 53, mkikumbuka kwamba watu hao waliugua kabla dawa za kinga na vidonge vya EGFR havijaingia kwenye tiba ya hatua za mwanzo. Hatari ya ugonjwa kurudi huwa kubwa zaidi miaka miwili mitatu ya kwanza, ndiyo maana CT hurudiwa kila miezi 6 hivi kipindi hicho, kisha kila mwaka. Daktari atakayewatajia idadi ya miezi leo, kabla ya sindano ya tezi na majibu ya jeni, anawabahatishia.

Mwisho, vile vidonge vya ndugu. Tazameni kwenye kopo kama kuna biotini, hasa kama imeandikwa kwa miligramu badala ya mikrogramu. Mashine nyingi zinazopima protini za damu hutumia biotini ndani ya kipimo chenyewe, na nyingi ikiwamo kwenye damu ya mgonjwa, jibu linaweza kutoka chini au juu kuliko ukweli. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu hilo 2017. Mwambieni mzee apeleke kopo lenyewe kliniki, aoneshe, na aulize aviache siku ngapi kabla ya kutolewa damu ya CEA inayofuata.